Tuishie Wapi? Hesabu ya Tanzania katika Vita vya Kagera

Mpaka wa Tanzania na Uganda, upande wa magharibi mwa Ziwa Victoria, ulichorwa mezani Ulaya mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi za watu. Walifuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, mstari ulionyooka usiojali kilima wala mto. Mto Kagera una njia yake. Unatoka milima ya Rwanda na Burundi, unaingia Tanzania, unapita Kyaka, kisha unarudi Uganda kumwaga maji yake ziwani. Kati ya mto na ule mstari imebaki ardhi ya Missenyi, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Kisheria ni Tanzania, lakini iko ng'ambo ya mto, na mwaka 1978 aliyetaka kuifikia kwa gari kutoka Bukoba alitegemea daraja moja tu, la Kyaka.

Askari yeyote angeitazama ramani hiyo mara moja akaona hatari yake. Ukilivunja daraja la Kyaka, Missenyi yote inakatika na nchi yake. Ukiwa Kampala unaweza kujiambia kwamba mto ndio mpaka wa asili na kwamba Waingereza walikupunja. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alijiambia hivyo. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka kwa nguvu, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote hadi mtoni sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Nyuma ya askari wake yalikuja magari ya kubeba mali: ng'ombe wa ranchi ya Missenyi, mitambo ya kiwanda cha sukari, mabati ya nyumba za watu. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, na makumi ya maelfu walikimbilia kusini wakiwa na walichoweza kubeba kichwani.

Sehemu kubwa ya masimulizi ya vita hivi tunayorithishana huanzia hapo na kuishia kwenye ushindi. Ni haki yetu kujivunia ushindi ule. Lakini mimi naona kwamba jambo gumu kuliko yote lililowakabili wakubwa wa Dar es Salaam miezi ile halikuwa namna ya kumtoa Amin Missenyi. Lilikuwa kuamua pa kusimama baada ya kumtoa. Jibu la swali hilo lilibadilika mara kadhaa kati ya Novemba na Aprili, na kila lilipobadilika, vita vilipanuka.

Lazima kwanza tujue Tanzania ilikuwa inatazama wapi. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea na kuvuka Ruvuma. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, macho yakahamia Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini, na Mwalimu Julius Nyerere akawa mwenyekiti wa nchi za mstari wa mbele. Jeshi la Wananchi la Tanzania, lililoundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya Januari ya mwaka huohuo kulivunja jeshi lililorithiwa kwa Waingereza, lilijengwa likijua kwamba adui atatoka kusini. Kagera ilikuwa pembe ya mbali, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, na wakati wa uvamizi haikuwa na jeshi la maana la kuilinda.

Hata hivyo Uganda haikuwa imesahauliwa. Amin alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Nyerere alikataa kumtambua na akampa Obote hifadhi. Wiki chache baadaye chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo wa 1971, na waraka huo unasomeka vizuri zaidi ukikumbuka hofu ya siku zile. Mapinduzi ya Uganda na uvamizi wa Wareno nchini Guinea, Novemba 1970, vimetajwa humo kama somo: serikali inayotegemea jeshi la kulipwa peke yake inaweza kuangushwa usiku mmoja, kwa hiyo ulinzi uwe kazi ya wananchi wote. Ndipo mgambo walipoanza kufundishwa vijijini na viwandani. Wengi waliona ni siasa za gwaride la jioni. Miaka saba baadaye watu haohao walikuwa wakipanda treni kwenda Mwanza.

Somo jingine lilikuwa chungu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakiamini kwamba wananchi wa Uganda wangeinuka mara tu watakapowaona. Hawakuinuka. Ndege iliyokusudiwa kupeleka makomando Entebbe iliharibika Kilimanjaro, waliovuka kwa miguu wakapigwa, na Amin akajibu kwa kuishambulia miji ya Bukoba na Mwanza kwa ndege. Somalia ikasuluhisha. Katika makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba 1972, pande zote mbili zilikubali kurudisha majeshi yao kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo Tanzania iliingia mwaka 1978 ikiwa na mambo mawili kichwani yasiyopatana vizuri: chuki ya dhati dhidi ya utawala wa Amin, na kumbukumbu kwamba kumwondoa kwa kuwategemea wakimbizi peke yao kulikwisha kushindikana.

Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 inajulikana na karibu kila Mtanzania, hata aliyezaliwa miaka 20 baada yake. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ni hotuba ya mtu aliyekwisha kuamua, na ndiyo maana bado inasisimua. Lakini isikilize tena ukiwa na ramani mkononi. Inasema kwamba tutampiga. Haisemi tutampiga hadi wapi. Sidhani kwamba hilo lilisahaulika. Siku ile hakukuwa na haja ya kulisema: kazi iliyokuwa mbele ilikuwa kurudisha Missenyi, na taifa lilihitaji kuambiwa kwamba hakuna atakayekwenda kuomba irudishwe.

Kusema ni rahisi kuliko kufika. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, hivyo njia fupi kwa upande huo haikuwapo. Kila kifaru, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipita reli ya kati hadi Mwanza, likapakiwa melini na kuvushwa ziwa kwenda Bukoba, au likapita barabara za vumbi zilizogeuka matope mvua za vuli zilipoanza. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye chochote kitakachosaidia. Mabasi na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa. Vijiji vikatoa ng'ombe na mahindi. Katika wiki chache jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 liliongezeka hadi kupita 150,000, tukihesabu mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza. Msumbiji ya Samora Machel, iliyokuwa ikishambuliwa na Rhodesia kila mara, ikatuma batalioni ya watu wapatao 800.

Amin alipoona vumbi hilo likielekea kwake, tarehe 14 Novemba alitangaza kwamba amewaondoa askari wake. Tanzania haikumwamini. Mafundi wa jeshi waliunganisha daraja la chuma la muda mahali la Kyaka lilipobomolewa, na mwishoni mwa Novemba brigedi zikavuka. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Chakaza. Ardhi iliyorudishwa ilikuwa na mashamba yaliyotelekezwa na maiti za raia. Yale yaliyoonekana humo ndiyo yaliyobadilisha mawazo ya wengi waliodhani kwamba kazi ingeishia kwenye mstari wa mpaka.

Wakati huo OAU ilikuwa inataka amani ya haraka. Mwenyekiti wake, Jaafar Nimeiry wa Sudan, na wajumbe wengine walikuja na maneno ya upatanisho, wakizitaka nchi zote mbili zisimamishe vita. Nyerere alikuwa na masharti. OAU ilaani uvamizi. Amin akane kabisa madai yake ya ardhi ya Tanzania. Uganda ilipe fidia. Itoe ahadi ya kutovamia tena. Umoja huo haukukubali kumlaani Amin, na hapo Mwalimu alikuwa na hoja nzito ambayo bado sijaona aliyeijibu vizuri. Mkataba wa OAU uliheshimu mipaka ya kikoloni kuliko kitu kingine chochote. Kama mtu anaweza kutangaza kwamba ametwaa nchi ya jirani, na umoja mzima ukamjibu kwa kuwaambia wote wawili wanyamaze, mkataba huo unamlinda nani? Nchi chache zilimlaani Amin waziwazi, zikiwemo Msumbiji, Zambia, Angola, Botswana na Ethiopia. Nyingi zilikaa kimya.

Basi swali likawa moja kwa moja. Jeshi limefika mpakani, na Amin bado ana mizinga yake ng'ambo ya mstari, juu ya vilima vya Mutukula, anakoweza kuishambulia Missenyi siku yoyote anayotaka. Je, tubaki hapa tukimwangalia? Brigedi kadhaa kuketi mpakani mwaka mzima ni gharama ambayo Tanzania haikuwa nayo. Jibu la kijeshi lilikuwa kuvuka na kuchukua vilima vile. Usiku wa tarehe 21 Januari 1979 Mutukula ikashambuliwa na kutekwa.

Yaliyotokea hapo yasifichwe. Askari waliokuwa wameona Missenyi ilivyofanywa walilipiza. Mji wa Mutukula ulisawazishwa kwa matingatinga na raia wakauawa. Habari zilipofika Dar es Salaam, Nyerere alishtuka na kuamuru kwamba raia na mali zao wasiguswe. Amri hiyo ilikuwa ya maadili, lakini ilikuwa pia ya mkakati. Tanzania ilijenga kesi yake mbele ya dunia juu ya tofauti kati ya jeshi lake na lile la Amin. Tofauti hiyo ikipotea, kesi imepotea. Kadiri majeshi yalivyosonga mbele, wanavijiji wa Uganda waliyapokea badala ya kuyakimbia, wakayaonyesha njia na kuyapa habari za adui. Nadhani hili lilikuwa na thamani ya brigedi nzima, na lisingewezekana kama Mutukula ingerudiwa katika kila mji.

Hatua iliyofuata iliamuliwa kwa hesabu ya kulipa: Amin alibomoa Kyaka na kuipiga Bukoba, basi na yeye apoteze Masaka na Mbarara. Meja Jenerali David Musuguri alikuwa amekabidhiwa Divisheni ya 20. Divisheni ilisonga kwa miguu, mizinga ikipiga mbele yake. Silaha iliyowatisha askari wa Uganda kuliko zote ilikuwa ile ya kurusha maroketi mengi kwa mpigo, ambayo wao walikuja kuiita Saba Saba. Masaka iliangukia mikononi mwa Tanzania tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata. Miji yote miwili iliharibiwa vibaya.

Hapo ndipo Tanzania ilipokusudia kusimama. Mpango ulikuwa kwamba kutoka Masaka hadi Kampala iwe kazi ya Waganda wenyewe. Walikuwapo Kikosi Maalum cha wafuasi wa Obote, kikiongozwa na Tito Okello na David Oyite-Ojok, walikuwapo FRONASA wa Yoweri Museveni, na makundi mengine madogo. Nyerere alieleza hadharani kwamba kuna vita viwili ndani ya Uganda: vya Tanzania kulinda usalama wake, na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Wapo waliosema kwamba huo ulikuwa ujanja wa maneno. Mimi naona kwamba aliuamini kwa sehemu kubwa, kwa sababu alijua hatari ya kinyume chake. Rais aliyewekwa Kampala na jeshi la jirani angeanza kazi akiwa na doa. Tena nchi iliyotumia miaka 15 kuitetea kanuni ya OAU ya kutoingilia mambo ya ndani ya wengine haikuweza kuivunja bila kuulizwa.

Lakini Waganda wenye silaha walikuwa wachache mno. Jaribio la waasi kuiteka Tororo mwanzoni mwa Machi lilizimwa. Na wakati huohuo vita vikapata mshiriki mpya.

Muammar Gaddafi alikuwa rafiki wa Amin tangu 1972, Amin alipowafukuza Waisraeli. Sasa ndege za Libya zikaanza kutua Entebbe na askari, vifaru na mizinga. Baadhi yao walikuwa wanamgambo walioletwa bila kujua vizuri wanakwenda wapi. Wapiganaji wa Kipalestina waliokuwa Uganda nao wakaingia. Mgogoro wa mpaka wa kilomita za mraba 1,800 ulikuwa umefika Tripoli.

Walibya na Watanzania walikutana Lukaya. Kaskazini mwa Masaka barabara ya Kampala inapita kwenye kinamasi kikubwa, imeinuliwa juu ya maji, mafunjo yamefunga pande zote mbili na huwezi kuona hatua 20 nje ya lami. Kifaru kikitoka barabarani kimezama. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo ambao wengi hawajawahi kupigana, ndiyo iliyopewa kuishika njia hiyo. Jioni ya tarehe 10 Machi Walibya na Waganda wakashambulia. Maroketi yao yalipita juu na kuanguka nyuma, hayakuua wengi, lakini mngurumo ule kwa mtu aliyetoka shambani miezi minne iliyopita ulitosha. Brigedi ilivunjika, watu wakatumbukia kwenye mafunjo gizani.

Musuguri na makamanda wenzake walikuwa na brigedi ya 208 mbali upande wa kaskazini magharibi. Iliamriwa igeuke usiku huohuo. Ilitembea hadi alfajiri na ikatokea ubavuni mwa adui, ambaye baada ya kushinda jioni alikuwa hajasonga mbele wala kujichimbia. Tarehe 11 Machi wakapigwa kutoka ubavuni, huku brigedi ya 201, iliyokwisha kukusanywa upya, ikiwashambulia kutoka mbele. Mamia walikufa, wakiwemo Walibya wengi. Jeshi la Amin halikupigana tena vita vya maana vya uwanjani baada ya hapo.

Lukaya ilifunga mjadala uliokuwa umeachwa wazi. Kama Libya inaweza kuleta majeshi kwa ndege, basi kukaa Masaka kunampa Amin muda wa kuimarika, na Waganda wachache wenye bunduki hawawezi kuifikia Kampala peke yao. Tanzania ingekwenda hadi mwisho. Ila haikutaka kufika mwisho huo mikono mitupu kisiasa. Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi vikundi vya Waganda walioko uhamishoni vilikusanyika Moshi. Nyerere alimshawishi Obote asihudhurie, abaki Dar es Salaam. Ulikuwa uamuzi mgumu, kwani Obote alikuwa rafiki yake na mgeni wake kwa miaka minane, lakini Buganda haikuwa imemsamehe kwa shambulio la mwaka 1966 dhidi ya mfalme wake, Kabaka. Kutoka Moshi ukazaliwa umoja wa vikundi hivyo, UNLF, na mwenyekiti wake akawa Yusufu Lule, mkuu wa zamani wa Makerere. Serikali ya kuingia Kampala ikawa imepatikana, walau kwenye karatasi.

Siku zizo hizo Gaddafi akatuma onyo: Tanzania iondoe majeshi yake Uganda ndani ya saa 24, la sivyo Libya itaingia vitani. Walibya walikuwa wameshazikwa Lukaya. Mwalimu aliwatangazia wananchi onyo lile redioni, akasema halibadilishi msimamo wa Tanzania juu ya Amin. Ndege kubwa ya Libya ikaruka kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Tanzania ikajibu kwa kushambulia kutoka angani shabaha za Kampala, Jinja na Tororo.

Uamuzi ninaouheshimu kuliko yote ya vita hivi haukuwa wa kupiga. Entebbe ilipotekwa tarehe 7 Aprili, mamia ya Walibya wakauawa, makamanda walikuwa na nafasi ya kuizunguka Kampala yote na kuwafungia humo waliosalia. Nyerere aliagiza barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi. Walibya wapite waende zao. Alikuwa anafikiria mbali kuliko Kampala: jeshi la Kiarabu kuangamizwa lote ndani ya mji wa Afrika kungegeuza vita vya mpaka kuwa ugomvi wa Waarabu na Waafrika, na OAU ingepasuka. Tena askari aliyeachiwa mlango hupigana kidogo kuliko aliyebanwa ukutani. Walibya walitoka kupitia Jinja na mashariki, na mji mkuu haukugeuka uwanja wa mapigano ya nyumba kwa nyumba.

Kampala iliingiwa tarehe 10 Aprili, batalioni ya Luteni Kanali Ben Msuya ikiwa kati ya za kwanza. Tarehe 11 Oyite-Ojok akasikika kwenye Redio Uganda akitangaza kwamba serikali ya Amin imeanguka. Umati ulijaa barabarani ukiwashangilia askari na kisha ukaingia madukani kubeba kila kitu. Nakasero, kwenye makao ya idara ya usalama ya Amin, zilikutwa maiti za wafungwa. Tarehe 13 Lule akaapishwa. Jinja ilichukuliwa tarehe 22 pamoja na bwawa la Owen Falls likiwa zima, jambo lililokuwa limewatia wakubwa wasiwasi, kwani lilikuwa linawasha taa za Uganda na kuuzia umeme Kenya. Tarehe 3 Juni majeshi yalifika mpaka wa Sudan, na hapakuwa tena na mahali pa kusonga.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini swali la pa kusimama lilirudi kwa sura nyingine. Tanzania ilikuwa imeifikiria safari ya Kampala hatua kwa hatua na kwa uangalifu mkubwa. Haikuwa imeyafikiria yatakayofuata kwa kiasi hichohicho. Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa aliyemrithi hakumaliza mwaka. Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, mtu wa Obote, ikashika madaraka, na maelfu ya askari wa Tanzania walikuwapo nchini wakati hayo yakitokea. Katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere kwa kuivunja kanuni ya kutoingilia. Binaisa alisimama kumtetea, na Mwalimu akajibu kwamba OAU isiwe chama cha marais cha kulindana. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Lakini lawama nyingine, ambayo haikutajwa sana Monrovia, ilikuwa nzito zaidi: kwamba jeshi lililokuja kuwapa Waganda nafasi ya kuchagua lilikuwa likishuhudia nafasi hiyo ikifinywa.

Na nyumbani bili ilikuwa imewasili. Vita viligharimu kiasi cha dola milioni 500, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na mafuta yakapanda tena mwaka 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita na mikanda haikulegea. Wa umri fulani wanakumbuka foleni za sabuni na sukari, unga wa yanga, nguo za kupatikana kwa kibali. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu mwishoni mwa 1979 kwa kutofautiana na rais juu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Silaha zilizorudi mifukoni zilionekana katika ujambazi wa miaka iliyofuata. Si haki kuilaumu Kagera kwa kila shida ya miaka ya themanini, maana uchumi ulikuwa na maradhi yake kabla ya hapo, lakini vita viliondoa akiba iliyokuwa inaficha maradhi hayo.

Uchaguzi wa Uganda ulifanyika tarehe 10 Desemba 1980. Muwanga alijipa mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo, Obote akatangazwa mshindi, na wapinzani wakalia wizi. Hapa naona ndipo hesabu ya Tanzania iliposhindwa. Nyerere alimweka Obote pembeni Moshi kwa sababu aliona angeigawa Uganda. Miezi 20 baadaye sababu hiyo ilikuwa ileile, na Tanzania, iliyokuwa na jeshi Kampala na usemi kuliko nchi nyingine yoyote, ilimwacha arudi. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni aliingia msituni. Wanajeshi wa mwisho wa Tanzania walipoondoka Uganda katikati ya mwaka huo, watu wa Kikosi Maalum na watu wa FRONASA, waliokuwa wameingia nchini mwao nyuma ya brigedi zilezile, walikuwa wakipigana wao kwa wao huko Luwero.